Boga, Bekoni na Kikombe cha Kwanza cha Karamu

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Novemba, nilialikwa karamuni katika mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, nilikokuwa nimekwenda kufundisha Kiswahili kwa muhula mmoja. Nje baridi ilikuwa kali na miti ilikuwa imekwisha pukutisha majani; ndani ulikuwamo moto wa kuni, na watu wapatao ishirini walisimama wakizungumza. Kabla hatujaketi mezani mwenyeji wetu alipitisha sinia la vikombe vidogo, vilivyozidi kidogo tu vile vya kahawa vya kwetu pwani. Ndani ya kila kikombe mlikuwa na supu nzito yenye rangi ya embe lililoiva, na juu yake vipande vyekundu vilivyovunjwavunjwa kama changarawe. Harufu yake ilichanganya utamu na moshi. Karibu nami alisimama mwanafunzi mmoja, kijana wa Lamu, aliyekuwa akisoma huko. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakinusa, kisha akauliza kwa sauti ya chini vile vyekundu ni vitu gani. Akaambiwa ni bekoni. Alikirudisha siniani kwa adabu, akasema kwamba ameshiba. Nami nilijua kuwa alikuwa na njaa, maana tulitembea pamoja kutoka maktabani na njia nzima alizungumza habari za chakula. Mwenyeji, ambaye alikuwa mtu mwema, aliona haya, akataka kuviondoa vile vipande kwa kijiko. Ilikuwa kazi bure, kwa kuwa vitunguu vya supu hiyo vilikuwa vimekaangwa katika mafuta yale yale ya nguruwe.

Waandishi wa historia wamezoea kutupa habari za wafalme, vita na mikataba, na supu wakaiachia jikoni. Mimi si fundi wa mapishi, na jikoni kwetu huvumiliwa tu. Lakini kisa kile kilinitia maswali mawili ambayo ni ya historia hasa: boga lilifikaje katika mwanzo wa karamu, na nguruwe aliingiaje ndani ya supu ya boga? Nilipotafuta majibu niliona kwamba vitu hivyo viwili vilikuwa akiba ya watu waliohofia njaa kabla ya kuwa pambo la sinia. Niliona pia kwamba mahali pengi katika safari yao palikuwa na watu walioonja na wengine waliotazama tu.

Tuanze na boga lenyewe. Msomaji wa Kiswahili huenda akadhani kwamba boga ni mwenyeji wa Afrika tangu kale na kale. Neno lake halina alama ya ugeni. Lakwenda katika ngeli yake, boga na maboga, kama jiwe na mawe. Majani yake twala, mbegu zake twatafuna, na wazee wametuachia methali kwamba apendaye boga hupenda na ua lake. Mwezi wa Ramadhani boga la nazi huandaliwa futari pamoja na muhogo na viazi vitamu, na hapana anayekiona chakula hicho kuwa cha kigeni. Walakini boga, muhogo na viazi vitamu asili yao vyote ni Amerika. Ukiiondoa nazi, futari hiyo nzima imevuka Atlantiki. Mazao hayo yalianza kuenea katika Afrika baada ya merikebu za Wareno kufungua njia za bahari mwishoni mwa karne ya kumi na tano, na lugha yetu iliyapokea bila ya kuandika popote siku yalipoingia. Lugha ni karani mzuri wa mambo mengi, lakini si wa forodha: mahindi nayo tumeyaita kwa jina la Uhindi, ilhali yametoka Mexico.

Huko Amerika umri wa boga ni mkubwa mno. Katika pango la Guilá Naquitz, jimboni Oaxaca nchini Mexico, zimepatikana mbegu za boga lililokwisha fugwa na binadamu zenye umri wa miaka ipatayo 10,000. Kwa mujibu wa ushahidi huo boga lilitangulia mahindi kwa muda mrefu. Maboga ya mwituni ni machungu, mtu hawezi kuyala nyama yake. Kwa hiyo yadhaniwa kwamba watu wa mwanzo waliyatafuta kwa ajili ya mbegu zenye mafuta na kaka lifaalo kuwa chombo, na nyama tamu ikaja baadaye, baada ya vizazi vingi vya kuchagua mbegu. Jamii ya boga inayotuhusu katika insha hii, ambayo wataalamu wa mimea huiita Cucurbita moschata, ni ya nchi za joto. Mabaki yake ya kale sana yamegunduliwa katika bonde la Zaña, kaskazini mwa Peru.

Hapa sina budi kutaja jambo moja, ingawa lanitoa njiani kidogo. Kibuyu, ambacho ni ndugu wa mbali wa boga, asili yake ni Afrika; lakini kilikutwa Amerika katika makao ya watu wa kale sana, maelfu ya miaka kabla ya Columbus. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2014 ndio ulioonyesha kwamba vibuyu hivyo vya Amerika ni wa ukoo wa Afrika, na kwamba yaelekea vilielea baharini vyenyewe mpaka ng'ambo. Basi sisi tuliwapelekea kibuyu bila ya kujua, nao wakatuletea boga kwa mikono ya Wareno. Biashara hiyo haikuwa na mkataba wala ushuru.

Kutoka nchi za joto maboga ya jamii mbalimbali yalisambaa kaskazini. Wenyeji wa pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini waliyapanda pamoja na mahindi na maharagwe katika shamba moja: mahindi yakawa nguzo ya maharagwe, maharagwe yakairutubisha ardhi, na majani mapana ya maboga yakaifunika ardhi ili magugu yasiote wala unyevu usikauke. Mkulima wa kwetu anayechanganya mahindi, kunde na maboga hahitaji kuelezwa hekima hiyo. Waingereza walipofanya makao huko, kama vile Plymouth mwaka 1620, walikuta chakula ambacho kiliwasaidia kupita majira ya baridi. Hata jina walilikopa. Roger Williams, mwanzilishi wa mji wa Providence, aliandika kitabu cha lugha ya Wanarragansett kilichopigwa chapa London mwaka 1643, na humo alionyesha kwamba neno la Kiingereza skwoshi limekatwa kutoka katika neno refu la wenyeji, askutasquash. Mwenye lugha alipoteza ardhi, neno lake likabaki mezani kwa mgeni, tena limefupishwa.

Boga lilithaminiwa kwa sababu moja kubwa: lilikaa. Liking'olewa na kikonyo chake, likaanikwa siku chache mpaka ganda likawa gumu, kisha likawekwa mahali pakavu pasipo baridi ya kugandisha, huweza kudumu miezi miwili, mitatu, au zaidi. Kwa watu ambao shamba lao hulala chini ya theluji tangu Desemba hata Machi, kitu cha namna hiyo si kitoweo, ni uhai. Kwa sababu hiyo pia lilidharauliwa. Chakula kinacholiwa kwa kukosa kingine aghalabu hakialikwi karamuni. Kilichokiokoa kilikuwa sukari na mayai. Mwaka 1796, katika mji wa Hartford, Amelia Simmons, mwanamke aliyejitambulisha katika jalada kuwa yatima wa Kimarekani, alitoa kitabu chake cha mapishi, American Cookery, ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza kuandikwa na Mmarekani na kuchapishwa nchini humo. Ndani yake mna mapishi ya boga lenye shingo iliyopinda. Hayo ni mapishi ya pudini, si ya supu, lakini boga hilo la shingo kombo ndilo tunalolitafuta, kwa kuwa ni mzee wa batanati.

Batanati ni mtoto wa juzi. Umbo lake lafanana na peari iliyorefushwa au na kengele isiyo mdomo; ganda lake ni laini, lenye rangi ya mchanga; mbegu zake zote zimekaa katika tumbo la chini, na shingo yake nene ni nyama tupu. Sifa ya kuliendeleza na kulipa jina hupewa Charles Leggett, mkazi wa Stow katika Massachusetts, katika miaka ya 1940. Yasimuliwa kwamba alitaka boga ambalo mpishi wa nyumba ndogo angeweza kulibeba na kulikata bila ya shoka, maana maboga yaliyopendwa wakati huo mengine yalikuwa makubwa kupita kiasi, na yale ya shingo kombo yalivunjika shingo yakipakiwa katika masanduku. Jina alilolipa limeunganisha siagi na kokwa: ulaini wa kimoja na ladha ya kingine. Lakini damu ya babu haikutoka mara moja. Mkulima alipanda mbegu za batanati iliyonyoka, naye akavuna mengine yaliyonyoka na mengine yaliyopinda. Mtaalamu Robert Young, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Waltham, karibu na Boston, ndiye aliyechagua mbegu kwa subira mpaka akapata aina isiyorudi nyuma. Batanati ya Waltham ilipata tuzo ya mbegu bora ya Marekani mwaka 1970. Leo hulimwa katika nchi nyingi, zikiwamo Afrika Kusini, Kenya na Tanzania. Shina lake gumu humsumbua yule funza atobaye mashina ya maboga huko Marekani, na hiyo nayo ni sababu ya wakulima kulipenda.

Sasa tumgeukie nguruwe. Katika Amerika hakuwapo nguruwe wa kufugwa kabla ya Wazungu. Mwaka 1493, katika safari yake ya pili, Columbus aliwashusha nguruwe katika kisiwa cha Hispaniola, nao wakazaana upesi. Nakuomba msomaji ukikumbuke kisiwa hicho, maana tutakirudia.

Bekoni si nyama ya namna ya peke yake, ila ni njia ya kuweka nyama isioze. Mfugaji wa Ulaya aliwalisha nguruwe wake mabaki ya jikoni na matunda ya msituni kutwa kucha, kisha ilipoingia baridi, na chakula cha mifugo kikapungua, akawachinja. Minofu ya ubavu na mgongo aliisugua chumvi ili kuivuta maji yake, akaitia na shura iliyoipa wekundu usiofifia, kisha akaitundika juu ya moshi. Nyama hiyo ilikaa miezi. Maskini hakuikata mapande makubwa. Kipande kidogo kilitosha kuipa sufuria nzima ya kabichi, dengu au maboga chumvi, mafuta na harufu ya nyama. Hilo ndilo jibu la swali langu la pili. Nguruwe hakuingia supuni kwa anasa. Aliingia kwa ubanifu, pale ambapo siagi ilikuwa ya kuuzwa na nyama mbichi ilikuwa ya siku kubwa.

Jinsi akiba ya mkulima ilivyogeuka kuwa bidhaa ya kiwanda yaonekana vizuri katika mji mdogo wa Calne, wilayani Wiltshire huko Uingereza. Katika karne ya kumi na nane makundi ya nguruwe yaliyoletwa kutoka Ireland yalitembezwa kwa miguu kutoka Bristol kwenda London, na Calne palikuwa mahali pao pa kupumzikia. Jamaa ya Harris waliokuwa wachinjaji hapo walijipatia nguruwe bila ya kuwafuata mbali. Njaa kuu ya Ireland ilipowakatia nguruwe hao, George Harris alisafiri kwenda Marekani mwaka 1847, akaona huko jinsi barafu inavyotumika. Matokeo yake yalikuwa nyumba ya barafu iliyojengwa Calne katika miaka ya 1850, na hataza iliyotolewa mwaka 1864. Tangu hapo iliwezekana kutengeneza bekoni mwaka mzima, tena kwa chumvi kidogo, kwa kuwa baridi ilifanya nusu ya kazi ya chumvi. Kiwanda kilifungwa mwaka 1982. Uzito wa bekoni katika maisha ya Waingereza wapimwa na jambo hili: ugawaji wa chakula kwa vipimo ulipoanza tarehe 8 Januari 1940, wakati wa vita, bekoni ilikuwa pamoja na siagi na sukari katika vitu vitatu vya mwanzo, nayo pamoja na nyama nyingine ndiyo iliyokuwa ya mwisho kufunguliwa, mwezi wa Julai 1954.

Mtu aweza kudhani basi kwamba boga na nguruwe wamekuwa marafiki siku zote. Sivyo. Kitabu maarufu cha upishi wa Kifaransa, Le Cuisinier françois cha La Varenne, kilichotoka Paris mwaka 1651, kina supu ya boga, na mahali ilipopangwa ndipo penye maana. Wakatoliki wa zama hizo walikuwa na siku nyingi katika mwaka ambazo nyama ilikatazwa, na vitabu vya mapishi vilitenga chakula cha siku za nyama na chakula cha siku za kujinyima. Supu ya boga ya La Varenne ni ya siku za kujinyima. Ilipikwa kwa siagi au maziwa. Kutia mafuta ya nguruwe ndani yake kungekuwa kuivunja saumu. Nilipoyafahamu hayo nilimkumbuka kijana wa Lamu. Kama angekuwa mgeni katika nyumba ya Mkatoliki wa Paris siku ya Ijumaa, miaka mia tatu na zaidi iliyopita, angeweza kunywa kikombe chake bila ya kuuliza neno.

Turudi sasa kisiwani. Sehemu ya magharibi ya Hispaniola iliangukia mikononi mwa Wafaransa, ikaitwa Saint-Domingue, nayo ikawa koloni lenye utajiri kupita kiasi kwa sukari na kahawa iliyolimwa na watumwa waliotolewa Afrika. Wahaiti husimulia kwamba katika nyumba za mabwana supu ya boga ilikuwa chakula cha heshima: mtumwa alilipanda boga, akalivuna, akalimenya, akalipika, akaipakua supu na kuipeleka mezani, kuinywa alikatazwa. Vita vya ukombozi vilianza mwezi wa Agosti 1791. Tarehe 1 Januari 1804, katika mji wa Gonaïves, Jean-Jacques Dessalines alitangaza uhuru wa Haiti, na simulizi za nchi hiyo zinamtaja mkewe, Marie-Claire Heureuse, kuwa ndiye aliyehimiza kwamba siku hiyo watu wote wainywe supu ile. Tangu hapo kila tarehe mosi ya Januari Wahaiti, popote walipo, hupika supu ya joumou, jina lililotokana na neno la Kifaransa la boga, giraumon. Boga lao ni la jamii ile ile ya batanati, na Wahaiti wa Marekani wakilikosa hununua batanati. Nyama wanayotia ni ya ng'ombe, pamoja na karoti, kabichi, viazi na tambi. Desemba 2021 UNESCO iliiandika supu hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu, nayo ikawa urithi wa kwanza wa Haiti kuandikwa humo.

Nimekaa sana juu ya Haiti kwa sababu hapo ndipo supu ya boga ilipopata daraja kubwa kuliko meza yoyote ya Ulaya. Wengine waliifanya kifungua kinywa cha chakula kingine. Wahaiti waliifanya kifungua mwaka na kifungua nchi. Tena haikupata heshima hiyo kwa kuongezwa kitu cha thamani ndani ya sufuria. Kilichobadilika ni orodha ya wanywaji.

Kuhusu supu kutangulia karamuni sitasema mengi. Katika karamu za Kifaransa za zamani vyakula vingi viliwekwa mezani kwa pamoja, na mgeni alikula kilichokuwa karibu naye. Desturi ya kuleta chakula kimoja baada ya kingine, ambayo Wafaransa waliiita ya Kirusi, yahusishwa na karamu za balozi wa Urusi mjini Paris, Alexander Kurakin, karibu na mwaka 1810. Desturi hiyo ilipoenea, supu ilibaki mlangoni mwa chakula. Na watu walipoanza kualikana katika karamu za kusimama, pasipo kiti wala meza, bakuli na kijiko vikawa mzigo, maana mgeni ana mikono miwili na mmoja lazima uwe huru kwa kuamkiana. Ndipo supu ikaingia kikombeni.

Sasa niseme habari za upishi, kwa kuwa nimejaribu mwenyewe mara kadha na makosa yangu yamenipa haki ya kusema. Batanati moja ya kilo moja na nusu yatosha vikombe ishirini na vinne vidogo. Ipasue kwa urefu, toa mbegu, ipake mafuta upande wa nyama, uilaze kifudifudi katika tanuri lenye joto la digrii 200 kwa muda wa dakika arobaini na tano hata saa nzima, mpaka kisu kipenye shingoni bila ya kubishana. Wapo wanaoichemsha tu. Siwalaumu, ila boga lililochemshwa hunywa maji, na lililookwa huyapoteza maji na sukari yake ikaungua kidogo pembeni. Tofauti yake ni kama ya ndizi mbichi ya kuchemsha na ile ya kuchoma. Kitunguu kikaangwe polepole, kisigeuke rangi, ndipo nyama ya boga ichotwe kwa kijiko na kutiwa pamoja na lita moja ya maji ya kuku au ya mboga. Baada ya dakika ishirini isagwe mpaka isiwe na chembe. Hapa wengi hukosea: supu ya bakuli yaweza kuwa nzito kama uji wa mgonjwa, lakini ya kikombe lazima itiririke, la sivyo mgeni atainamisha kichwa nyuma akingojea, na watu wamtazame. Malai kidogo hutiwa mwisho, au tui zito. Kungumanga ya kukwaruza haidhuru.

Bekoni nayo huanzwa katika kikaango baridi, juu ya moto mdogo, ili mafuta yatoke kabla nyama haijaungua. Ikikauka huvunjwa, na hutiwa juu ya supu kikombe kikiwa tayari kutoka jikoni. Ikitangulia hulowa na kuwa kama ngozi ya kiatu kilichonyeshewa. Chumvi ya supu ionjwe mwisho kabisa, kwa kuwa bekoni huja na yake.

Ladha ya mchanganyiko huo ni nzuri, wala sitaki kuificha kweli hiyo kwa ajili ya adabu. Utamu wa boga wahitaji kitu cha kuushika, na chumvi na moshi huushika barabara. Wenzetu wengi wa Bara hula nguruwe bila ya kinyongo, hata mjini Dar es Salaam nyama hiyo imepata jina la kujifichaficha, kitimoto. Lakini kilichonisumbua tangu jioni ile ya Novemba ni mahali pa kuiweka. Mafuta yakiingia katika kitunguu cha mwanzo, sufuria nzima imekwisha amua nani atakunywa, na mwenyeji hawezi tena kubadili neno hata akiwa na kijiko. Yakibaki katika kikaango chake, na vipande katika kisahani chao, kila mgeni atajiamulia. Wala si kuipunguzia supu uasili wake. Kwa La Varenne ilikamilika bila ya nguruwe, na kwa Wahaiti hivyo hivyo.

Mwaka uliopita nilialika watu nyumbani, baadhi yao wa Unguja, baadhi wa Moshi na Songea, na shangazi yangu akiwa amekuja kututembelea. Nilinunua batanati mbili sokoni, nikaipika supu kwa mafuta ya nazi na tui. Bekoni ilikaangwa nyumba ya pili, kwa jirani, katika kikaango chake na kwa mwiko wake, ikaletwa katika kisahani kilichofunikwa na kuwekwa meza ya mbali pamoja na kijiko kisichotoka hapo. Na kila aliyeingia aliambiwa ni nini. Juu ya supu yenyewe nilitia mbegu za boga zilizokaangwa kwa chumvi na pilipili. Sinia lilizunguka, na hapana kikombe kilichorudi kikiwa kimejaa. Shangazi alionja, akanyamaza, akaonja tena, kisha akaniita kando.

"Mwanangu," akasema, "boga la nazi umelipika vizuri. Lakini maji umezidisha, na sukari umesahau."